Baada ya Makofi, Nani Atanunua Nyuzi?

Katika nyuzi nne za fidla (G, D, A na E), ule wa E ndio mwembamba kuliko wenzake, na ndio hukatika kwanza. Ukikatika kwenye mazoezi ya Jumatano na kabatini hakuna wa akiba, mtoto hubaki na nyuzi tatu mpaka apatikane wa kununua. Wiki ya kwanza huja akakaa kuwatazama wenzake. Wiki ya pili huja kachelewa. Ya tatu haji. Hakuna aliyemfukuza, kachoka kukumbatia ala isiyokamilika.

Matamasha ya hisani ya okestra za vijana huandaliwa, angalau kwenye barua za kuombea ufadhili, ili mambo kama hayo yasitokee. Nairobi imeyazoea. Watoto wamevaa mashati meupe na suruali nyeusi, ukumbi ni wa shule ya karo kubwa au wa kanisa la mjini, mgeni wa heshima kawekewa kochi mbele, na baada ya hotuba tatu muziki wa Vivaldi, mtunzi wa Italia wa karne ya 18, unaanza. Wachache hutoa machozi, wengi hutoa simu. Pesa huingia. Ila ukirudi miezi miwili baadaye, si ajabu ukute fidla mbili mpya zinazong'aa na rundo la nyingine zimelala kwa kukosa vitu ambavyo havizidi bei ya chakula cha mchana cha yule mgeni wa heshima.

Moyo wa kutoa upo. Kasoro iko kwenye upangaji: tamasha hupangwa kuanzia jukwaani, ilhali lingepaswa kupangwa kuanzia kabatini. Na kwa kuwa halikuanzia kabatini, halijui linauza nini, basi huishia kuuza umaskini wa mtoto, bidhaa ambayo mnunuzi hainunui mara mbili.

Wazee wa desturi hii waliijua hesabu yake. Tarehe 13 Aprili 1742, mjini Dublin, mtunzi Handel alitoa kwa mara ya kwanza Messiah, kazi ile ile ambayo kwaya zetu huimba "Haleluya" yake Krismasi na Pasaka. Lilikuwa tamasha la hisani. Mapato yaligawiwa hospitali mbili na mfuko wa wafungwa wa madeni. Ukumbi wa mtaa wa Fishamble ulikuwa wa watu 600. Waandaaji wakatangaza mapema kwamba wanawake waje bila zile fremu za kutanulia magauni, na wanaume waache panga zao nyumbani. Wakaenea watu 700. Zikapatikana takribani pauni 400, na wafungwa 142 wakalipiwa madeni wakatoka. Anayepanga tamasha leo aitazame ile nafasi ya watu mia moja ya nyongeza: haikuwagharimu hata senti ya kukodi.

Miaka minane baadaye, London, kazi hiyo hiyo ilipigwa tarehe 1 Mei 1750 katika kanisa la Foundling Hospital, makao ya watoto waliotelekezwa. Watu walifurika mpaka wenye tiketi wakarudishwa mlangoni, ikabidi irudiwe tarehe 15. Tangu hapo ikawa ya kila mwaka. Vitabu vya hesabu vya makao hayo vipo hadi leo, na vinaonyesha kwamba wapigaji walilipwa. Handel alipokufa mwaka 1759 wosia wake uliwaachia nakala ya nota zote. Katika miaka yote hiyo makao yalipata karibu pauni 7,000 kutokana na kazi moja, mahali pamoja, msimu ule ule. Hapakuwa na mbinu mpya kila mwaka. Watu wa London walijua tu kwamba ikifika Mei, wanakwenda kule.

Mfano wa tatu ni Venice, na ndio unaotuhusu zaidi. Mwaka 1703 makao ya wasichana ya Ospedale della Pietà yalimwajiri Vivaldi kufundisha fidla. Wasichana wale, wengi wao waliotupwa wakiwa vichanga, walikuja kuwa okestra ambayo wasafiri wa Ulaya walipanga safari ili waisikie. Walipiga nyuma ya wavu wa chuma ghorofani. Msikilizaji hakuona nyuso zao wala nguo zao, na hakuna aliyesimama kueleza nani aliokotwa wapi. Kilichomfikia ni sauti, naye akatoa fedha kwa ajili ya sauti hiyo.

Tusiwafanye wa zamani malaika, lakini. Enzi hizo tamasha la "manufaa" mara nyingi lilikuwa la manufaa ya mwanamuziki mwenyewe. Tarehe 5 Juni 1764 Leopold Mozart alifanya la kwake London, mwanawe Wolfgang akiwa na miaka minane, akapata takribani gini 100 (gini ni sarafu ya dhahabu ya Uingereza) kwa saa tatu. Gharama zilikuwa kama gini 20 tu, kwa sababu wapigaji wengi walikataa malipo. Mwisho wa mwezi huo mtoto alipiga bure kwenye bustani za Ranelagh kwa ajili ya hospitali ya wajawazito, na baba mtu aliandika bila kuficha kwamba ilikuwa njia ya kujipatia mapenzi ya taifa lile. Hisani na tangazo vimelala kitanda kimoja tangu hapo. Ila shika ile asilimia: katika kila gini mia, themanini zilibaki.

Sasa tuje kwetu, tupige hesabu ya mfano. Tuseme ukumbi una viti 300. Tiketi ni shilingi 1,000 kwa mtu mzima na 300 kwa mwanafunzi, wakaja watu wazima 200 na wanafunzi 80. Mapato ni 224,000. Kukodi ukumbi, 60,000. Fundi wa piano, 10,000. Mabasi mawili ya kuwaleta watoto na kuwarudisha, 24,000. Chakula cha watoto 60 kwa 250 kila mmoja, 15,000. Mabango na programu zilizochapishwa, 12,000. Vipaza sauti na taa, 20,000. Wapigaji wanne wazoefu wa kushikilia safu za nyuma, 30,000. Jumla 171,000, kinabaki 53,000, chini ya robo.

Hebu tuwe na okestra yenye ala 24 za nyuzi. Kwa vumbi letu, jasho la vidole na mazoezi mara tatu kwa wiki, seti moja ya nyuzi ikidumu miezi sita imejitahidi. Seti 48 kwa mwaka, tuseme 2,500 kila seti, ni 120,000. Zile 53,000 hazifiki hata nusu. Yaani tamasha limejaa, limepigiwa makofi, limeandikwa gazetini, na bado halijalipia nyuzi za mwaka, achilia mbali mwalimu.

Ondoa vitu viwili tu kwenye orodha hiyo. Ukumbi upatikane bure, wa shule au parokia ambayo watoto wake wanapiga humo humo kwenye okestra, na vipaza sauti visikodiwe. Kinachobaki kinapanda hadi 133,000. Nyuzi zimelipiwa, na kuna 13,000 za kurekebishia pinde za kupigia.

Watu wataguna kuhusu vipaza sauti. Kwenye ukumbi wa watu 300 wenye kuta za mawe au zege, okestra ya watoto 40 haihitaji kipaza hata kimoja, isipokuwa cha mshereheshaji. Fundi mitambo aliyezoea harusi na mikutano ya injili hufungua besi kwanza, huweka maikrofoni mbele ya fidla mbili za karibu, na matokeo ni fidla mbili zinazosikika kama nyuki ndani ya debe, huku selo zikiwa hazipo duniani. Hatari halisi ya ukumbi ni paa la mabati. Mvua ya Aprili ikishuka, hakuna Bach wala Beethoven. Tarehe ichaguliwe Februari au Septemba, na kama paa ni la mabati, saa tisa alasiri isipite kabla hamjaanza. Hema la nje ni baya zaidi: sauti hutoka isirudi, na upepo hufunua kurasa. Likilazimika, kila stendi ya nota iwe na vibanio viwili vya nguo.

Turudi kabatini, maana huko ndiko panapoharibika kimya kimya.

Nyuzi nne za fidla zikikazwa huvuta kwa nguvu inayozidi kilo 20. Sehemu ya nguvu hiyo hushuka kwenye daraja, kile kibao chembamba kinachobeba nyuzi, na daraja halikugundishwa. Limesimama kwa kukandamizwa tu. Ndani ya tumbo la fidla kuna kijiti kingine, nacho hakikugundishwa, kimebanwa kati ya ubao wa juu na wa chini, na kazi yake ni kupeleka mtikisiko mgongoni. Mtu asiyejua akitoa nyuzi zote nne kwa pamoja ili "asafishe", daraja huanguka, na kijiti nacho huweza kuanguka. Hapo fidla imekuwa sanduku. Kukirudisha kijiti kunahitaji chuma maalumu chenye umbo la S na mtu anayejua kukitumia, na mafundi wa namna hiyo katika Afrika Mashariki ni wa kuhesabu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kabati: uzi mmoja mmoja. Toa wa G, weka wa G, kaza nusu, ndipo uende kwa wa D.

Kanuni ya pili inahusu tarehe. Uzi mpya hunyooka kwa siku kadhaa kabla haujatulia, mara nyingine wiki nzima. Waandaaji wenye nia njema hununua nyuzi mpya na kuzifunga asubuhi ya tamasha ili watoto "wapendeze". Kufikia kipande cha pili okestra nzima imeshuka, kila mmoja kwa kiwango chake. Nyuzi zifungwe siku kumi kabla. Siku ya tamasha wawe nazo za akiba: kwa kila fidla tano, nyuzi mbili za E na moja ya A, ambazo zimeshawahi kufungwa na kuvutwa kabla.

Daraja nalo hutembea. Kila unapokaza nyuzi, kichwa chake huvutwa kuelekea shingo ya ala, kidogo kidogo, mpaka siku moja linaruka na kupasuka katikati ya wimbo. Mtoto wa miaka tisa anaweza kufundishwa kulitazama kwa ubavu kila Jumamosi: upande unaoelekea mkia wa ala usimame wima. Dakika moja tu. Upinde ulegezwe baada ya kupiga, kila siku, la sivyo mti wake hupinda na kubaki hivyo. Ulimbo, ule utomvu mkavu wa kupaka nywele za upinde, upakwe kwa kiasi. Vumbi jeupe likitanda juu ya ala ujue umezidi, na lifutwe kwa kitambaa kikavu kabla halijagandamana na varnishi. Na ala isiachwe kwenye gari juani hata kwa nusu saa ya kununua chapati. Gundi ya fidla hulegea kwa joto, mbavu zikaachana na ubao, na mtoto atasema imeanza "kukoroma".

Hali ya hewa ina ubishi wake. Nairobi ya Januari na Februari ni kavu, vigingi vya kukazia nyuzi hukosa kushika na nyuzi hufunguka zenyewe usiku. Mombasa ni kinyume: mti hunywa unyevu, kigingi kikavimba kisigeuke. Dawa ya kwanza ni chaki kidogo kwenye kigingi, ya pili ni sabuni kavu, na ukizikosea mahali umeharibu zaidi. Okestra ya Nairobi inayokwenda kupiga Mombasa ifike siku moja kabla, ala ziachwe zipumue ndani ya mikoba iliyofunguliwa chumbani.

Halafu kuna suala la saizi, ambalo wafadhili wa ng'ambo hawalisikii vizuri. Fidla zina saizi: robo, nusu, robo tatu, kamili, na ndogo zaidi ya hizo. Mtoto wa miaka minane kwa kawaida anahitaji nusu au robo. Sanduku la hisani likifika kutoka Ulaya limejaa fidla kamili zilizostaafu pamoja na wenyewe. Nzuri, lakini si za watoto hawa; na ushuru na kodi zimelipwa bandarini kwa kitu kitakachokaa miaka minne kikingoja mtoto arefuke. Anayetaka kusaidia aulize kwanza: saizi gani imepungua? Jibu likiwa "robo tatu, sita", alete robo tatu sita.

Wapulizaji wana yao. Klarineti hulia kwa ridi, kipande chembamba cha tete, na katika boksi la ridi kumi, tatu au nne ndizo zitakazolia vizuri. Mtoto anayepewa ridi moja kwa muhula anafundishwa kupiga vibaya. Ukumbi ukiwa baridi, kama Julai asubuhi, ala za kupuliza hushuka. Watu wakijaa na joto likapanda, hupanda, ilhali nyuzi hushuka. Ndiyo maana kulinganisha sauti mara moja mwanzoni hakutoshi. Walinganishe tena baada ya mapumziko, na mwongozaji asione haya kusimama katikati ya vipande viwili na kuomba nota ya A ya kulinganishia. (Mwongozaji, naam. Neno kondakta tulishampa makanga, na hatutamnyang'anya.)

Na hapa ndipo hotuba zinapoingia kuharibu kazi. Sisi ni watu wa harambee. Pesa bila hotuba huonekana kama imeibwa. Lakini okestra iliyolinganisha sauti saa tisa kamili, ikakaa chini ya taa dakika arobaini ikimsikiliza mwakilishi wa mgeni wa heshima akisoma salamu za mgeni wa heshima, huanza kupiga ikiwa imeachana. Vidole vimepoa, ridi zimekauka, mdogo wa mwisho anataka choo. Hotuba ziwe mbili, dakika tatu kila moja, na ziwekwe wakati wa kupanga viti kati ya kundi la wadogo na la wakubwa, ambapo jukwaa lingekuwa tupu hata hivyo. Mwenye kutoa mchango mkubwa asomwe jina kwenye programu. Namba ya kulipia kwa M-Pesa iandikwe hapo hapo, kubwa, na isisomwe kwa maikrofoni mara kumi na tano.

Kuhusu vipande vya kupigwa, kiburi kinashinda akili mara nyingi. Mwalimu anataka kuonyesha, mzazi anataka kuonyeshwa, basi hupangwa simfonia ya Beethoven kwa watoto waliojifunza miaka miwili. Wapigaji wanne wa kukodi hubeba kazi, watoto hupeleka pinde hewani bila kugusa. Msikilizaji mwenye sikio anajua. Asiye na sikio pia anajua, ila hajui anajua nini. Hurudi nyumbani akisema ilikuwa nzuri, na mwaka ujao ana safari.

Chagua ufunguo, yaani ngazi ya sauti ambayo kipande kimejengwa juu yake, kabla ya kuchagua mtunzi. Nyuzi za fidla zikiwa wazi ni G, D, A na E. Selo na viola ni C, G, D na A. Kipande cha D meja au G meja huangukia kwenye nyuzi hizo, mtoto hukanyaga nota akiwa na nyumba ya kurudi. Kipande hicho hicho kwa E-flati ni msitu. Kanoni ya Pachelbel inachekwa na wapigaji wa selo kwa kuwa wao hurudia nota zile zile nane mara 28, lakini kwa okestra changa hilo ndilo lulu lake: mtoto wa selo wa mwaka wa kwanza ana kazi ya kweli, wakati fidla tatu za juu zinapigwa na waliokomaa. Vivaldi, aliyekuwa akiwaandikia wasichana wale wa Venice, ametuachia kwenye mkusanyiko wake wa 1711 koncherto za fidla nne. Waonjeshwa jukwaa ni wanne badala ya mmoja, na mmoja akiugua malaria usiku wa kuamkia tamasha, mwalimu anaweza kushika nafasi yake bila programu kuvunjika. Kwa waliofika gredi ya 5 kwenda juu kuna ile suti, yaani mfululizo wa vipande vifupi, ambayo Gustav Holst aliwaandikia wanafunzi wake wa St Paul's Girls' School, London, aliyoimaliza 1913. Mtunzi aliyefundisha watoto huandika akijua mikono yao.

Faida nyingine ya watunzi hawa ni ya kisheria. Kenya na Tanzania hulinda kazi ya muziki kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Holst alikufa 1934, Handel na Vivaldi hata tusiwataje. Lakini mpangilio mpya wa kazi ya zamani una mwenyewe, na nyimbo za zilipendwa ambazo kila okestra ya vijana hupenda kumalizia nazo nyingi zina wenyewe, wao au warithi wao. Ruhusa iombwe miezi miwili kabla. Kujificha nyuma ya neno hisani si ruhusa.

Kwa nini, hata hivyo, klasiki iwe ya Ulaya tu? Pwani ina klasiki yake. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ilianzishwa 1905, na tangu 2002 chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilichoko Mji Mkongwe kimekuwa kikifundisha vijana udi, ganuni, fidla na nai. Kijana anayepiga taarab asilia ana nidhamu ile ile ya saa nyingi kwa siku, na anastahili jukwaa lile lile. Atakayeweka makundi haya mawili kwenye alasiri moja ajue mambo mawili. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila noti, na kuilinganisha ni kazi ya nusu saa hadi saa. Iingie jukwaani mapema ikazoee taa, isije ikabebwa kutoka nje yenye ubaridi dakika ya mwisho. Na maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Rast na Bayati zina noti zinazoangukia katikati ya funguo za piano, kwa hiyo yule anayeshauri "tuwaunganishe wote kwa wimbo mmoja na piano" ashukuriwe na akatazwe.

Muziki wenyewe usizidi dakika 70. Mkono wa kushoto wa mtoto wa miaka kumi hauna stamina ya zaidi ya hapo, na wa mzazi wake wa kushika simu pia. Wadogo wakipiga mwanzo na kuruhusiwa kuondoka, wazazi wao huondoka nao, na wakubwa hupigia viti. Tiba yake ni ya zamani: kipande cha mwisho kiwe cha wote, kimeandikiwa safu ya wadogo inayopiga nyuzi wazi peke yake, D na A. Watabaki. Watasikiliza wakubwa kwa saa nzima, jambo ambalo kwao ni somo kuliko yote ya muhula.

Makofi kati ya sehemu na sehemu ya kipande yaruhusiwe. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kwa furaha kwamba watu wa Paris walipiga makofi muziki ukiwa katikati. Sisi ni nani tumnyamazishe nyanya aliyetoka Kariobangi kumsikiliza mjukuu?

Lililobaki ni lile la kuuza umaskini. Kinshasa kuna okestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, iliyoanzishwa 1994 na Armand Diangienda, na kila anayeisimulia hutaja wapigaji waliofunga waya wa breki za baiskeli badala ya nyuzi. Simulizi hilo limezunguka dunia. Waandishi hulipenda kwa sababu lina ujasiri ndani yake, na ni kweli lina. Lakini mtu wa kabatini analisoma vingine: waya ule mvutano wake haukupimwa kwa ala ile, hukata mfereji kwenye daraja na kwenye kichwa cha shingo, na sauti yake humfundisha mpigaji kusikia vibaya. Ni habari ya nyuzi ambazo hazikununuliwa. Ukiisimulia mara mia bila kununua nyuzi, umeugeuza waya kuwa mtaji wako.

Ndivyo inavyokuwa kwenye majukwaa yetu. Mtoto huitwa mbele ya watu 300, huombwa aeleze anaishi wapi na baba yupo wapi, kisha apige. Mikono inatetemeka, na si kwa sababu ya Bach. Picha yake, jina lake na mtaa wake huchapishwa kwenye bango lisilofutika intanetini. Ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi, itenganishe kupiga na kupigwa picha, na programu iandike jina la mtoto, ala yake na kipande anachopiga, kama inavyofanywa kwa mpigaji yeyote wa Berlin. Hayo matatu yanatosha. Tamasha liishe saa kumi na moja na nusu, ili mabasi yawafikishe Korogocho au Mukuru kukiwa bado na mwanga. Na kila basi liwe na mtu mzima mwenye orodha ya majina anayeyaita wakati wa kupanda na wakati wa kushuka.

Upo mfano wa karibu wa fedha iliyokuja kwa mpangilio. Ghetto Classics ilianza 2008 Korogocho, jirani na jaa la Dandora, chini ya taasisi ya Art of Music ya Elizabeth Njoroge. Tamasha la kimataifa la jazz la Safaricom lilipoanza 2014, mapato ya tiketi yalielekezwa kwenye programu hiyo. Hapo watu walilipia kusikiliza wapigaji mashuhuri wa jazz, yaani walilipia muziki, na vijana wa Korogocho wakapanda jukwaa lile lile kama wapigaji. Udhaifu wake uko wazi pia: mfuko unaoegemea kampuni moja hutikisika kampuni ikibadili mawazo. Ndiyo sababu hata programu yenye mfadhili mkubwa inahitaji tamasha lake dogo, la ukumbi wa bure, ambalo mapato yake yana kazi moja inayojulikana.

Tunapendekeza kazi hiyo iandikwe kwenye tiketi yenyewe: "Tiketi hii ni uzi wa A wa fidla moja kwa miezi sita." Mnunuzi ataelewa, na mhasibu hatakuwa na pa kujificha. Ala mpya zitafutiwe fedha nyingine. Mshahara wa mwalimu utafutiwe ahadi za kila mwezi, hata za shilingi 500, kwa sababu mwalimu hali mara moja kwa mwaka.

Jumatatu baada ya tamasha, kabla maua ya jukwaani hayajanyauka, kabati lifunguliwe mbele ya watu watatu: mwalimu, mzazi mmoja, mtunza fedha. Kila ala itolewe, ipewe namba kwa kalamu isiyofutika ndani ya mkoba wake, iandikwe saizi, hali ya daraja, hali ya upinde, tarehe ya nyuzi za mwisho. Ala 24 huchukua kama saa tatu. Orodha hiyo na hesabu ya mapato vitumwe kwa kila aliyenunua tiketi ndani ya siku 14, ukurasa mmoja, pamoja na tarehe ya mwaka ujao: Jumamosi ile ile, ukumbi ule ule, saa tisa.